Maagizo kwa Taavi, Kabla ya Basi la Saa Kumi na Mbili

Taavi, ufunguo uko chini ya ndoo iliyotoboka,
si ile ya buluu, ile nyingine.
Komeo la banda huganda usiku.
Usiligonge kwa nyundo kama babu yako;
lipulizie pumzi, likumbatie kwa kiganja, litalegea.
Februari vitu vingi hulegea kwa kubembelezwa.

Maji kwanza. Kuku huuawa na kiu kabla ya njaa,
na hapa Võru maji ni jiwe hujamaliza chai.
Chukua ya uvuguvugu jikoni kwangu,
birika lipo, umeme nimeshalipa.
Barafu ya jana ibwage nyuma ya ghala:
itatoka nzima, na umbo la beseni,
na unyoya mmoja umenaswa katikati.
Utaitazama kidogo. Mimi huitazama,
na nina miaka sabini na mitatu.

Kisha nafaka: vikombe viwili, si vitatu,
hata Proua akikukazia jicho moja
kama mwalimu mkuu aliyekukuta nje ya darasa.
Mwongo huyo. Mpapase gole jioni,
limetuna kama soksi iliyojaa kokoto.
Maganda ya chaza yamo kwenye kopo la kahawa.
Wakiyakosa, yai hutoka laini, halina gamba,
kama mtu aliyekimbia nyumba inayoungua
bila koti.

Pihla ni yule mwekundu, mgomvi.
Mustik ndiye mweusi, mwangalie miguu:
magamba yakiinuka, mpake vaselini, usione haya.
Tuhka anaota manyoya upya; asishikwe,
kila unyoya mchanga una damu ndani
na humuuma kama jino la mtoto.
Proua umeshamjua.

Wa tano hana jina.
Hajataga tangu mtufaha upukutishe majani,
na mimi nitakayemchinja simpi jina.
Kisu nilikinoa Novemba.
Ikaja theluji, ikaja Krismasi,
kisha daktari wa Tartu akanisikiliza kifua,
akasema neno refu, akalichora kwenye karatasi.
Nikarudi nyumbani jioni ile
nikamkuta amesimama kwa mguu mmoja juu ya ufito,
wenzake wote wamelala.
Kisu kimo droo ya pili. Kikatie mkate.

Majivu ya jiko usiyatupe,
wamwagie pembeni, chini ya bati, pakavu.
Watajigaragaza humo hadi uone aibu kwa niaba yao.
Ndivyo wanavyopambana na utitiri;
hilo hawakufunzwa, na wewe usiwafunze.

Jioni wahesabu.
Watano, Taavi, si “kama watano”.
Mbweha wa upande wa reli anajua hesabu kukushinda.

Mayai ni yako, isipokuwa la kwanza la kila siku.
Hilo mpe mama yako, usiseme limetoka wapi.
Bado tuna lile jambo la uzio.

Wamesema wiki mbili. Huenda zikawa tatu.
Zikipita hapo, usimuulize mtu,
endelea na maji.

Nyuma ya mlango kuna kalenda,
na penseli imefungwa kwa uzi.
Andika idadi ya mayai. Siku ya sifuri, andika sifuri,
usiniachie mraba mtupu, sipendi kubahatisha.

Na yule wa tano,
ukipita ukamwona anachuchumaa mbele yako,
upanga wake umekolea wekundu,
ujue nuru imemfikia naye.
Hapo umpe jina.
Usije hospitali kuniambia, nauli ni ghali.
Liandike kwenye mraba wa siku hiyo, kwa herufi kubwa,
maana nitaisoma kalenda
kabla sijavua viatu.